Matairi ya Chura

Jumatatu, 12 Mei

Masika ya tatu tangu nitoke Iramba. Mvua tangu alfajiri. Nimeziba pancha za pikipiki mpaka vidole vimekufa ganzi. Gundi haikauki kwenye baridi hii. Unapaka, unasubiri, unapaka tena. Watu wa Tukuyu wanapita na miavuli yao kama vile hakuna kitu. Wamezaliwa ndani ya maji.

Mchana Mwalimu Msengi kaleta Chura. Ni gari lake jekundu la milango miwili, gari la mbio, tumbo karibu liguse ardhi. Wanafunzi wake wa Nkunga ndio waliolipa jina hilo. Msengi ni Mnyiramba mwenzangu. Ndiyo maana hulileta kwenye gereji yetu na si kwa mafundi wakubwa. Ananiita kaka. Mimi namwita Mwalimu, hata tukiongea cha kwetu.

Matairi ya mbele alifunga mapya mwezi wa pili. Leo upande wa ndani kashata za mpira zimekwisha, kipara, bado kidogo nione waya. Upande wa nje yana vinyweleo vya kiwandani. Sijawahi kuona tairi lenye ujana na uzee pamoja namna ile.

Gwamaka, mwenye gereji, aliangalia akiwa amesimama. Hakuinama. Akasema ni upepo. Gari la mbio linataka upepo wake, watu wanalitia upepo kidogo kama toroli. Nikamuunga mkono. Kweli upepo ulikuwa mdogo. Tukajaza, nikageuza matairi kwenye rimu, upande wa ndani ukaja nje. Mwalimu akaondoka ameridhika.

Upepo mdogo hula tairi pande zote mbili, ndani na nje. Nimekumbuka sasa hivi, nakunywa uji. Tumesema uongo bila kujua.

Jumamosi, 17 Mei

Neema, binti yangu, kapiga simu. Ameposwa. Watu wa kijana wanakuja Jumapili ya tarehe 8 Juni kuzungumza mahari. Kaka yangu Kitundu amesema nisihangaike, atakaa yeye mahali pangu.

Najua Kitundu anavyokaa mahali pa watu. Shamba la baba aligawa nikiwa huku. Aligawa vizuri, upande wake.

Neema hakulia. Aliuliza tu: "Baba, utakuja, au nimwambie Baba Mkubwa avae koti?"

Nikasema nakuja. Nauli sina. Nilikuwa nayo hadi mama yake alipolazwa mwezi wa nne.

Jumatatu, 19 Mei

Mwalimu karudi. Matairi yameanza kuliwa upya, upande ule ule. Na usukani umekaa upande. Gari likienda moja kwa moja, usukani unaangalia shambani.

Nilipitisha kiganja juu ya tairi. Ukipeleka mkono huku ni laini. Ukirudisha, meno ya msumeno. Hilo si tairi linaloviringika. Hilo linaburutwa.

Mwalimu akasema alishalipeleka Mbeya kwenye mashine ya kunyoosha magurudumu. Wakanyoosha, wiki moja likapinda tena. Shule inafungwa tarehe 6 Juni na siku hiyo hiyo anaondoka kwenda Iramba, alale Iringa, Jumamosi afike. Akasema: "Chura akipona, kiti cha mbele ni chako, kaka."

Nilienda nyuma ya gereji nikasimama kidogo. Tangu nije huku, kwenye majani ya chai, kwenye viazi, hapa kwenye matairi, hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu ambacho sikukibeba kwanza mgongoni.

Jumatano, 21 Mei

Tumebadilisha bushi, vile vipira vya kwenye maungio ya magurudumu. Zilikuwa zimechoka. Kisha nikafunga uzi.

Mashine hatuna. Ila nilisaidia mafundi ujenzi Singida, najua uzi. Unauvuta kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, unaangalia mwanga unapita wapi. La mbele kushoto lilikuwa linaangalia nje kama jicho la makengeza. Nikashika tairodi, ule mkono mwembamba unaovuta gurudumu usukani ukizungushwa. Nikairefusha kidogo kidogo. Uzi ukalala. Tukalipeleka lami, usukani umenyooka kama meza.

Gwamaka akasema Mnyiramba amegeuka mashine, kesho atachomekwa kwenye umeme. Watu wakacheka. Na mimi. Leo nimekula vizuri.

Jumamosi, 24 Mei

Ukungu siku nzima. Mgongo unauma. Nimemwambia mke wangu kwa simu nakuja na gari. Ameshasikia nakuja mara nyingi. Akauliza gari la nani. Nikasema la Mwalimu, jekundu. Akasema sawa.

Sawa yake hiyo naijua.

Jumanne, 27 Mei

Limepinda tena. Siku sita tu. Usukani unaangalia shambani kama nilivyoukuta.

Gwamaka aliongea mbele ya wateja. "Uzi wa kujengea vyoo, unapima nao gari la mbio. Unategemea nini?" Wakacheka tena. Safari hii mimi sikucheka. Mwalimu hakuniangalia. Alisema pengine ni barabara za Nkunga, pengine auze tu gari, apande mabasi kama wenzake.

Nililala kwenye tope chini ya Chura nikaanza upya. Boljointi, kiungo cha gurudumu, nzima. Bushi mpya. Tairodi ya kushoto nikaifuta kwa tambara. Katikati yake chuma kinang'aa, pete nzima, kama sufuria lililosuguliwa. Na nyuzi za kijani zimeng'ang'ania. Kamba ya manila.

Nikamuuliza kama gari limewahi kuvutwa. Akasema hapana, hata siku moja.

Sasa kamba inatoka wapi chini ya gari ambalo halijavutwa? Nimeomba anichukue kesho kutwa nione linapolala. Akakubali kwa kuchoka.

Alhamisi, 29 Mei

Nimetoka Nkunga. Nimerudi kwa miguu nusu ya njia. Sijui nicheke au nitukane.

Mwalimu amepanga chumba kwa Mzee Ambilikile. Uwanja wote ni mteremko. Chura hulala kwenye majani, pua inaangalia juu. Chini yake migomba, chini ya migomba nyumba ya mke mdogo wa mzee. Breki ya mkono ya Chura imechoka, kwa hiyo Mwalimu huacha gia na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Kisha huingia ndani kusahihisha madaftari.

Nikabaki nje, nikijifanya nanawa miguu. Mzee akatoka na kamba. Akafunga ng'ombe wake wawili. Kisha akaja kwa Chura. Akapiga magoti, umri wote ule, akaingiza mkono chini ya pua ya gari, akatafuta pa kushika. Gari liko chini sana, mkono unafika mahali pamoja tu. Tairodi ya kushoto. Akafunga fundo la ng'ombe. Upande mwingine kwenye mti wa mparachichi. Akachomeka kijiti kwenye kamba akaisokota, akaisokota, mpaka ikalia. Akampigapiga Chura kichwani, akataka kwenda.

Nikamsalimia shikamoo. Nikamuuliza anafanya nini.

"Gali hili halishiki," akasema. "Likiteleza linaingia kwa mke wangu. Ninalifunga jioni, asubuhi nikienda kukamua ninalifungua. Mwalimu hajaamka."

Nikauliza kwa nini hakumwambia mwenyewe.

Akaniangalia kama mtoto aliyekosa adabu. "Mgeni unamwambia kitu chake kibovu? Unaona ni kibovu, unakifunga, unanyamaza."

Basi. Kila usiku chuma chembamba kile kinavutwa kama jino. Kila asubuhi mzee anakifungua kwa upole na kwenda kwenye maziwa yake.

Nilikasirika na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Mzee alinipa chane ya ndizi. Akasema ndaga fijo, asante sana kwa lugha yao, kwa kuwa nimekuja kumtazama mgeni wake. Nimebeba ndizi zile njiani natamani kuzitupa. Sikuzitupa. Nina njaa.

Ijumaa, 30 Mei

Nilipomweleza, Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Amemshukuru mzee na kumwomba atumie mawe tu, mawe mengi. Mzee amekubali. Ameuliza mara mbili kama mgeni amechukia.

Tumeifungua tairodi. Imepinda kama kidole cha mgonjwa wa baridi yabisi. Hii hainyooshwi kwa uzi. Inataka mpya.

Tukuyu hakuna. Mbeya wamepigiwa, kwa gari la aina hii hawana. Dar ipo, ila muuzaji anasema itakuja na basi baada ya wiki mbili hivi, akiikumbuka. Shule inafungwa Ijumaa ijayo.

Jumatatu, 2 Juni

Gwamaka ameinyoosha kwa moto. Aliweka gesi mpaka chuma kikawa chekundu kama Chura mwenyewe, akaweka kwenye jiwe, akagonga. Alipoipoza ilikuwa imenyooka. Akasema itafika Iramba na kurudi, na wajukuu wa Mwalimu wataikuta.

Akanipa nifunge. Nikaifuta masizi kwa petroli. Pale palipokuwa na ile pete niliona mstari. Mwembamba kama unywele. Nikapaka vumbi la chaki, nikasubiri. Petroli ikatoka ndani ya mstari, ikachora juu ya chaki.

Mkwaruzo hautoi petroli. Ufa ndio unatoa.

Nikafuta chaki. Nikafunga tairodi. Nikavuta uzi, ukalala. Mwalimu akaendesha mpaka kona ya hospitali na kurudi, mikono juu, usukani kauachia kwa furaha. Akanipiga bega.

Nikakunja uzi nikauweka mfukoni.

Jumanne, 3 Juni

Nimefua shati. Halikauki.

Nimejiambia: magari mangapi nchi hii yanatembea na vyuma vilivyochomelewa? Nimejiambia: labda ni masizi. Nimejiambia: Mwalimu anaendesha taratibu. Nimejiambia Kitundu ameshapiga pasi koti.

Yote ni kweli na hakuna linalosaidia.

Jumatano, 4 Juni

Mwalimu kapita kunijulisha mipango. Mke wake anapandia Mbeya, atakaa nyuma na mtoto. Mtoto bado ananyonya. Akasema nisibebe mizigo mikubwa, nyuma patakuwa na beseni la nepi.

Sikuwa nimemfikiria mke. Sikujua kama kuna mtoto.

Baada ya Iringa kuna Nyang'oro. Nilipita pale na basi nikija huku. Barabara inashuka kama imeangushwa. Hapo ndipo gurudumu la kushoto linapobeba gari zima kwenye kona. Tairodi ikikatika, gurudumu linageukia linakotaka.

Namchukia mzee na adabu zake. Namchukia Gwamaka na nyundo yake. Nachukia kuwa ni mimi nilipaka chaki. Angeifuta mwingine, kesho kutwa ningekuwa safarini, nimelala usingizi wa mtu asiyejua.

Alhamisi, 5 Juni

Nimesema.

Mwalimu alikuja kuongeza upepo. Nikamwambia palepale, Gwamaka akisikia. Nikamwambia kuna ufa, niliuona Jumatatu, nikaifunga tairodi hivyo hivyo. Aliniuliza kwa nini sikusema Jumatatu. Nikamwambia nilitaka kwenda nyumbani.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alisimama, ameshika mpira wa upepo, hewa inavuja. Kisha akasema, "Asante, kaka," akaanza kupiga simu.

Mwalimu mwenzake anaenda Dodoma na gari lake. Limejaa. Wamembanania nafasi yake na mke, mtoto mapajani. Huko watapanda basi. Nafasi nyingine haikupatikana. Aliponiambia hakuniangalia usoni, aliangalia shati langu. Fedha yake yote imeishia kwenye matairi, hilo nalijua, mimi ndiye niliyeyafunga.

Gwamaka alisubiri aondoke. "Ukweli wako una viti vingapi, Mnyiramba? Si uupande sasa ukupeleke kwenu."

Nilimwomba anikopeshe nauli. Akasema mtu anayemharibia kazi mbele ya mteja hamkopeshi hata mate.

Ijumaa, 6 Juni

Wameondoka mchana. Mwalimu alipita kuaga. Chura kaachwa kwetu, pembeni ya uzio, magurudumu yamegeukia ukutani.

Nimempigia Neema. Nimemwambia siji. Akasema alikuwa anajua.

Jumamosi, 7 Juni

Gwamaka ameitoa ile tairodi. Amewaita mafundi wa jirani waje waone ufa wa Mnyiramba. Akaibana kwenye jiliwa, akachukua nyundo kubwa. Akagonga. Ikapinda. Akagonga tena. Ikapinda zaidi. Aligonga mpaka akatoka jasho, na haikukatika. Walipita mmoja mmoja wakiishika. Mmoja akasema labda niliona unywele wangu mwenyewe.

Gwamaka akanirushia miguuni. Akasema kwa sauti ya kawaida, hata dhihaka hakuweka: "Ungefika. Kesho ungekuwa unakula nyama."

Niliiokota nikaiangalia juani. Imepondwa kila mahali, mstari hauonekani tena. Sitajua. Nyundo haiendi Nyang'oro na watu wanne ndani. Lakini haikukatika, na mimi niko hapa.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Nilikaa mlangoni. Watu wa hapa walipita na nguo nzuri, wakinisalimia.

Saa nne nilijua wameshafika. Nilijua mbuzi amechinjwa. Kila saa nilijua wamefika wapi kwenye mazungumzo. Wanauliza nani baba. Kitundu anakohoa.

Jioni alipiga mwenyewe. Sauti imeshiba. Wamekubaliana vizuri, watu waungwana, ng'ombe wanaonekana wana afya. Akasema wageni waliuliza nilipo, akawaambia niko Mbeya, nina kazi kubwa ya magari. Alidhani ananisitiri. Wale wataenda kwao na habari kwamba baba wa binti ana kazi kubwa kuliko binti.

Nikasema asante, kaka. Ningefanyaje?

Kisha akampa Neema simu. Kulikuwa na kelele, wanawake wanaimba. Akasema alipoulizwa kama anakubali posa, aliomba anitaje kwanza. Kitundu akasema si lazima. Akanitaja hivyo hivyo, jina langu na la babu, mbele ya wote, kisha ndipo akakubali.

Akasema, "Baba, salio linaisha," akakata.

Jumanne, 10 Juni

Nimemchukia kila mtu siku mbili hizi, nimechoka. Gwamaka hanisemeshi. Ananionyesha kazi kwa kidole. Nitahama nikipata pengine.

Mwalimu ametuma ujumbe. Wamefika salama. Mtoto alitapika tu.

Jumapili, 22 Juni

Baridi kavu, mvua imekatika. Asubuhi mlima wa Rungwe ulionekana wote. Mara chache unauona wote.

Tairodi mpya ilikuja juzi na basi kutoka Dar. Gwamaka alinipa nifunge, bila neno. Nikavuta uzi, ukalala. Matairi ya Chura bado yana meno upande wa ndani. Hayo hayatarudi, yatakwisha hivyo. Ila hayataliwa zaidi.

Mchana nimebeba maparachichi. Wanunuzi wako wengi msimu huu, wanataka mtu wa kupanga masanduku kwenye lori. Kazi ya mgongo. Nimeomba na kesho.

Harusi ni mwezi wa tisa, baada ya mavuno ya alizeti. Jioni nimempigia mke wangu. Nimemwambia natoka huku Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kwa basi, nalala Dodoma, Jumanne jioni nipo. Akauliza kama aandike. Nikasema andika. Nikasikia anatafuta kalamu.